Herufi ya Kibao Haiendeshi Gari

Imeenea katika miji yetu, tangu Tanga hata Mbeya, na kuvuka mipaka mpaka Mombasa na Kampala, itikadi moja juu ya ununuzi wa gari dogo, nayo imekita mizizi kiasi cha kuwa mwenye kuitilia shaka hudhaniwa ama ni bahili, ama hajui lolote katika mambo ya magari. Itikadi yenyewe ni hii: kwamba mwenye kutaka gari la kwendea kazini na kupelekea watoto shule, liwe Toyota IST, Vitz, Passo, Honda Fit au Mazda Demio, au lile la kubeba mzigo na abiria kwa pamoja, mfano wa Probox na Fielder, asithubutu kulinunua kwa mtu aliyeliendesha hapa nchini, bali aliagize moja kwa moja kutoka Japani, au alichukue yadi siku chache baada ya kutoka bandarini.

Ni haki kuzieleza hoja za wenye itikadi hii kama wao wenyewe wanavyozieleza. Wanasema kwamba gari la Japani limetembea kilomita chache, na kwa barabara laini. Kwamba Mjapani hutunza chombo chake kwa kuwa sheria ya kwao humlazimisha kukikaguza. Kwamba gari la hapa limekwisha pita katika mashimo yetu, likamwagiwa oili isiyojulikana asili yake na fundi wa chini ya mwembe, na huenda likafanyishwa kazi ya taksi usiku na mchana. Na kwamba, maadamu jina lililoandikwa kwenye boneti ni jina linaloaminika, mengine yote ni madogo. Hakuna hata moja katika hoja hizi isiyokuwa na chembe ya ukweli ndani yake, na hiyo ndiyo sababu zimeishi muda mrefu.

Lakini chembe za ukweli zikikusanywa bila ya mizani huweza kujenga uongo kamili. Ninalolishikilia mimi ni kwamba hali ya gari hujulikana kwa kulikagua na kwa kumbukumbu ya matunzo yake, wala haijulikani kwa nchi lililotoka. Na kwamba mnunuzi mwenye fedha za kuhesabu, asiyekuwa na akiba ya kufidia kosa, ana dhamana kubwa zaidi katika gari la hapa aliloliona, akaligusa na kuliendesha, kuliko katika gari la mbali aliloliona kwa picha. Nitazichukua hoja hizo moja baada ya moja.

Ya kwanza: juu ya kilomita

Mnunuzi wetu akitazama tangazo la gari, jicho lake hukimbilia kwenye tarakimu za mwendo kabla ya kitu kingine chochote, na akiona 60,000 katika gari lenye umri wa miaka 15, moyo wake hutulia. Tarakimu hizo hubadilishwa. Dashibodi ya kisasa hurekebishwa kwa kifaa kidogo kwa dakika chache, na gari hupita mikono mingi baina ya mnada wa Japani na yadi ya mjini kwetu, kila mkono ukiwa na maslahi yake katika kuifanya namba iwe ndogo. Wenye itikadi hii hukataa kuziamini kilomita za gari la hapa kwa sababu, wasemavyo, mita huchezewa. Basi kama mita yaweza kuchezewa, yaweza kuchezewa popote, na hakuna bahari inayoitakasa.

Dawa yake ipo, ila wachache huidai. Magari mengi ya Japani huuzwa kwanza mnadani, na mkaguzi wa mnada huandika karatasi yenye daraja la gari, kilomita zake, na alama za kila mkwaruzo, kila mbonyeo na kila paneli iliyobadilishwa; na cheti cha ukaguzi cha Kijapani nacho huandikwa kilomita zilizosomwa siku ya ukaguzi. Muuzaji asiyetaka kuonyesha karatasi hizo amekwisha kujibu swali lako.

Na tuseme kwamba namba ni ya kweli. Kilomita 60,000 kwa miaka 15 ni kilomita 4,000 kwa mwaka, yaani takriban 11 kwa siku: mwendo mfupi wa kwenda sokoni na kurudi, ambao injini huuanza ikiwa baridi na kuumaliza kabla haijapata moto wa kutosha wa kukausha unyevu uliomo ndani ya oili yake. Isitoshe, mpira hauzeeki kwa kilomita peke yake. Bushi, mikanda, mabomba ya maji, sili za injini na tairi huhesabu miaka, hata gari likiwa limeegeshwa. Tazama ubavuni mwa tairi utaona tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka; 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Wengi wanaosifu uchache wa kilomita za gari lao hawajapata hata siku moja kuinama na kuzisoma.

Ya pili: juu ya matunzo ya Wajapani

Ni kweli kwamba Japani ina ukaguzi wa lazima uitwao *shaken*. Gari jipya la abiria hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Watu wetu huutaja ukaguzi huu kama burhani ya kwamba gari litokalo huko ni zima, na hapa ndipo hoja yao inapojigeukia yenyewe.

Ukaguzi huo una gharama, nazo si ndogo: ada, kodi ya uzito, bima ya lazima, na matengenezo yote yatakayohitajika ili gari lipite. Mwenye gari linalokaribia mwaka wa saba, wa tisa au wa kumi na moja hukaa akapiga hesabu, na akiona kwamba kulipitisha kutamgharimu zaidi ya thamani yake, huliuza. Likitimiza miaka 13, gari la petroli huongezewa kodi ya mwaka, na hiyo ni sababu nyingine ya kuachana nalo. Kwa hiyo mengi katika magari yanayotufikia ni yale ambayo mwenyewe aliyaacha mlangoni mwa ukaguzi, bila ya kuupita. Na mtu aliyekwisha kuazimia kuliuza gari lake mwakani hana raghba ya kulibadilishia mafuta ya giaboksi mwaka huu.

Hali kadhalika Kenya, ambako sheria hairuhusu gari lililotumika kuingia likiwa limezidi miaka minane. Waagizaji, kwa kutafuta bei ndogo, huyachukua yale yanayokaribia mpaka huo, nayo ni magari ya mwaka wa saba, mwaka ambao ukaguzi wa tatu wa Kijapani huangukia. Uganda nayo tangu mwaka 2018 imeyazuia yenye miaka 15 na zaidi. Sheria hizi zina manufaa yake kwa hewa na usalama, walakini hakuna hata moja inayomwambia mnunuzi kama oili ilibadilishwa.

Ya tatu: juu ya herufi

Tanzania Bara imezalisha uchawi wa peke yake katika biashara hii, nao ni uchawi wa herufi ya kibao cha namba. Gari huulizwa kwanza kama ni namba C, namba D au namba E, na bei hupanda kwa kufuata alfabeti. Herufi hiyo haisemi gari liliundwa lini. Inasema lilisajiliwa lini hapa nchini, basi. IST mbili zilizotoka kiwandani mwaka 2004, moja ikashuka bandarini mapema ikapata C, na nyingine ikazungukazunguka kwingineko kwa miaka zaidi ya kumi kabla ya kushuka na kupata E, zina umri mmoja. Na bado mtu huongeza mamilioni kwa ajili ya ile ya pili, huku kadi ya gari, yenye mwaka wa kuundwa, imo mkononi mwa dalali anayezungumza naye.

Najua nitajibiwa kwamba herufi huonyesha gari limekula barabara zetu kwa muda gani. Sawa, lakini kwa lile la namba C tunaweza kumwuliza jirani ya mwenyewe, fundi wake na kampuni yake ya bima. Na kwa lile la namba E tuna miaka mingi ya giza, tusiyoijua barabara zake wala mmiliki wake. Kati ya historia ya kawaida inayojulikana na historia isiyojulikana kabisa, sioni kwa mantiki gani ya pili iwe ndiyo ya kulipiwa zaidi.

Ya nne: juu ya kodi

Mwagizaji hujisifu kwamba bei ya Japani ni ndogo. Ni ndogo kweli, lakini si bei yake. Kwa viwango vilivyotumika Tanzania kwa miaka mingi, gari lenye injini ya ujazo wa kati ya sentimita za ujazo 1,000 na 2,000, na umri wa miaka kumi au zaidi, hutozwa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5, ushuru mwingine wa uchakavu asilimia 30, na juu ya jumla yote hiyo kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18. Tuchukue gari ambalo thamani yake, pamoja na nauli ya meli na bima, imefanywa kuwa shilingi 10,000,000. Ushuru wa forodha ni 2,500,000. Ushuru wa bidhaa, unaohesabiwa juu ya 12,500,000, ni 625,000. Ule wa uchakavu ni 3,750,000. Kodi ya ongezeko la thamani juu ya 16,875,000 ni 3,037,500. Jumla ya kodi ni shilingi 9,912,500, mbali na tozo nyingine, malipo ya wakala wa forodha, gharama za bandari na usajili.

Maana yake ni kwamba karibu nusu ya fedha yako haikuingia katika chuma wala mpira. Na usidhani kwamba kupata gari kwa bei ya chini huko kutakupunguzia, kwa kuwa Mamlaka ya Mapato ina mfumo wake wa kuthaminisha magari yaliyotumika, na aliyelipata kwa bahati njema hukuta thamani imekwisha kupangwa. Nyaraka zikichelewa, gari hukaa bandarini na siku huhesabiwa.

Huambiwa: "Lakini utaliuza kwa bei nzuri, IST haishuki thamani." Kama haishuki, mbona yule yule msemaji anakataza kununua lililotumika hapa? Kitu kisichopoteza thamani hakina aibu ya kununuliwa mkononi. Na kama inashuka, basi aliyeagiza ndiye anayebeba mshuko wa kwanza, pamoja na kodi isiyorejeshwa, na mnunuzi wa pili huanza alipoishia yeye. Wenye itikadi hii wachague moja kati ya mawili hayo, kwani yote mawili kwa pamoja hayasimami.

Ya tano: juu ya jina

"Toyota ni Toyota." Hakuna kauli iliyowafilisi watu kwa upole kama hii. Jina moja huvishwa mashine mbalimbali. Probox iliyotoka mwaka 2002 na kuendelea ilikuwa na giaboksi ya otomatiki ya gia nne, au ya kubadilisha kwa mkono. Mwaka 2014 ilifanyiwa mageuzi makubwa na kupewa giaboksi ya mkanda, ile iitwayo CVT. Kwa macho ya mpita njia ni Probox zote. Kwa fundi ni wanyama wawili, maana CVT hutaka mafuta yake mahususi, na fundi aliyezoea kumwagia ATF, mafuta ya kawaida ya giaboksi za otomatiki, katika kila kitu huiua pasipo kukusudia, nayo haifi siku ile, bali hufa baada ya miezi, sababu ikiwa imekwisha sahauliwa.

Na Probox nyingi ziliundwa kuwa magari ya mzigo: kiti cha nyuma chembamba na kilichosimama, uwezo wa kilo 400 wakiwamo watu wawili, au kilo 250 wakiwa watano. Magari hayo hayo ndiyo yanayoonekana katika barabara za vijijini, Kenya na Tanzania, yamejazwa watu tisa na magunia juu yake, kisha mwenye gari hushangaa kwa nini shokapu na beringi za magurudumu hazimalizi msimu.

Nje ya Toyota hali ni hiyo hiyo. Honda Fit ya mseto iliyotoka mwaka 2013, yenye giaboksi ya klachi mbili, iliitwa na kiwanda chake mara kadhaa katika mwaka wake wa kwanza ili irekebishwe. Mazda Demio ya mwaka 2014 huja na injini ya petroli, au ya dizeli ya lita 1.5, na hiyo ya dizeli, ikiendeshwa safari fupifupi za mjini, husongwa na masizi. Nissan Note nyingi zina CVT yake, na mafuta yake. Mwenye kununua jina hajanunua gari bado; na afunue boneti, asome namba ya injini na namba ya chesisi, ajue ni mashine gani aliyonayo mbele yake.

Ya sita: juu ya usalama usioulizwa

Hili ndilo linaloniumiza kuliko yote, kwa kuwa ni la roho za watu. Kampuni ya Takata ya Japani iliunda mifuko ya hewa iliyowekwa katika magari ya viwanda vingi, na vifyatuzi vyake vilitumia nitrati ya amonia, kemikali ambayo ikikaa miaka mingi katika joto na unyevunyevu huharibika, hata siku ya ajali ikalipuka kwa nguvu iliyozidi na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Watu wamekufa kwa hilo katika nchi mbalimbali. Marekani peke yake viliitwa vifyatuzi vipatavyo milioni 67, na Takata ikaomba kufilisika mwezi wa Juni 2017. Katika magari yaliyoitwa zimo Honda Fit, Toyota Vitz na Corolla Fielder za miaka fulani, na tangu Mei 2018 Japani hailipitishi katika ukaguzi gari lenye kifyatuzi cha hatari kisichobadilishwa.

Joto na unyevunyevu! Je, kuna maelezo yaliyo kamili zaidi ya hewa ya Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja? Na ni wangapi katika wanunuzi wetu waliouliza, kabla ya kutuma fedha, kama kifyatuzi kilibadilishwa? Namba ya chesisi huweza kutazamwa katika orodha za kiwanda chenyewe, bure. Tunauliza rangi, tunauliza redio, tunauliza rimu. Tusiloliuliza ni lile lililokaa sentimita chache mbele ya kifua.

Ya saba: juu ya kununua usichokiona

Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yaliyoenea pwani yetu, katika kauli yao yenye nguvu hawakuijuzisha biashara ya kitu mahususi ambacho mnunuzi hakukiona, kwa ajili ya gharari, yaani hatari ya kisichojulikana, iliyomo. Na kwa kitu kilichoonekana, aibu iliyofichika ikabainika baadaye, walimpa mnunuzi khiyari ya kukirudisha. Siyataji haya kwa kutoa fatwa, bali kuonyesha kwamba wafanyabiashara wa bahari hii, waliokuwa wakiagiza bidhaa mbali karne nyingi kabla ya meli za magari, waliijua hatari hiyo na wakaiwekea mipaka.

Sisi leo hutuma fedha zote kabla ya gari kupakiwa, kwa kutegemea picha zilizopigwa na muuzaji mwenyewe, upande alioutaka yeye, baada ya kuliosha. Gari likifika na giaboksi inayotetemeka, tutalirudisha wapi? Nauli ya kulirejesha ni mzigo juu ya mzigo, na kodi imekwisha lipwa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza; na hakuna kinachotembea mbali kuliko gari lililovuka bahari nzima kutafuta mnunuzi.

Jibu kwa hofu ya haki

Inabaki hoja moja yenye uzito, kwamba gari la hapa nalo huficha mabaya: kazi ya taksi za simu, ajali iliyofunikwa kwa rangi, kadi iliyowekwa rehani kwa mkopo, faini za barabarani zisizolipwa, hata namba ya chesisi iliyofutwa na kugongwa upya. Yote haya yapo. Lakini tofauti yake na yale ya mbali ni kubwa: haya huweza kugunduliwa kabla ya shilingi kutoka mfukoni.

Nenda asubuhi, na umwambie muuzaji asiliwashe. Weka mkono juu ya injini, na ukiikuta ina moto, ondoka. Mchukue fundi unayemlipa wewe, asiyekuwa fundi wa muuzaji. Liinuliwe, litazamwe chini. Liunganishwe na mashine ya kusomea kompyuta ya gari, ambayo aghalabu humwonyesha fundi hata kama makosa yalifutwa jana. Linganisha namba ya chesisi iliyomo katika bodi na ile ya kadi, tarakimu kwa tarakimu. Tazama bolti za mabawa ya mbele kama zimekwaruzwa na spana, na rangi kama imeruka juu ya mipira ya milango. Liendeshe mlimani, liendeshe penye mashimo, pinda usukani mpaka mwisho na usikilize. Hakikisha madeni na uhalali wa umiliki kabla ya kuandikiana. Kazi yote hiyo ni ya siku moja na ujira wa fundi, na hakuna picha hata mia zinazoweza kuchukua nafasi yake.

Kisha fedha uliyoiokoa kwa kutolipa kodi mara ya kwanza usiimalize kwa rimu na vioo vyeusi. Tenga fungu lake siku hiyo hiyo kwa oili, mafuta sahihi ya giaboksi, breki, mikanda na tairi mpya, na uandike tarehe na kilomita za kila kitu katika daftari linalokaa ndani ya gari. Maana siku utakapoliuza wewe, daftari hilo ndilo litakalompa mnunuzi wako kile ambacho herufi ya kibao haiwezi kumpa.

Wenye kutaka kuagiza na waagize, kwa sharti kwamba wadai karatasi ya mnada, wadai cheti cha ukaguzi chenye kilomita, waulize juu ya mfuko wa hewa, na wapige hesabu ya kodi kabla ya kufurahi. Asiyeweza kuyapata hayo hajanunua gari, amenunua tumaini kwa bei ya gari. Ewe ndugu unayekusanya akiba yako mwaka wa pili au wa tatu sasa, ukisikiliza ushauri wa kila mtu kijiweni: usimwulize muuzaji gari limetoka wapi wala ni namba gani, kabla hujamwuliza nani alilitunza, kwa nini analiuza, na kama atakuruhusu wewe na fundi wako mlitazame tangu asubuhi hata adhuhuri. Akikataa, umeokoka na hasara. Nenda kwa mwingine.